Daftari la Pikipiki

Wahenga walisema ya kale ni dhahabu. Kwetu Nkungu, wilayani Rusizi, ya kale ilikuwa karibu kuuzwa kwa kilo.

Pikipiki ya babu yangu, Yamaha AG100, ilikuwa imekaa miaka saba katika banda la mbuzi. Babu alifariki mwaka 2016, na tangu hapo hakuna aliyeigusa isipokuwa kuku waliotagia kwenye karia yake ya nyuma. Tandiko lilikuwa limeliwa na panya, tanki limeingia kutu, matairi yamepasuka kama kisigino cha mkulima. Nilipokuja likizo kutoka chuoni Rukara mwaka 2023, wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamekwisha kuja kuitazama. Baba mdogo alitaka iuzwe. Jiko la Bibi lilikuwa linavuja, na kwa maoni yake bati linalozuia mvua ni bora kuliko pikipiki isiyokwenda. Baba yangu hakusema iuzwe wala isiuzwe. Alisema tu kwamba ile pikipiki haimhusu, akaenda zake kazini.

Nilijua sababu. Kila mtu nyumbani anaijua. Septemba 1990, Baba akiwa na miaka 15, alirudishwa nyumbani kutoka sekondari kwa kukosa karo. Wiki hiyohiyo Babu alinunua pistoni mpya ya pikipiki. Baba alikaa nyumbani mpaka mwaka wa masomo ukampita, akarudia darasa, na kwa jinsi nchi ilivyokwenda baada ya hapo, hakumaliza shule. Leo ni fundi mwashi, tena mwashi anayetafutwa, lakini habari ya pistoni huisimulia kwa maneno mawili tu: "Mzee alichagua."

Bibi ndiye aliyekata shauri. Alisema pikipiki ni mali yake maadamu yuko hai, na mjukuu wake akitaka kuijaribu, aachwe aijaribu. "Ikinguruma kabla hujarudi shule, itabaki. Isiponguruma, chuma ni chuma." Nilikuwa na wiki sita.

Wasomaji wasioishi milimani huenda hawaijui AG100. Herufi zile mbili za mwanzo zinatokana na neno la Kiingereza la kilimo, kwa maana Yamaha waliiunda kwa ajili ya watu wa mashamba. Injini yake ni ndogo, sentimita za ujazo 97, ya mapigo mawili, na hupozwa na upepo tu. Cheni imefunikwa yote ndani ya boksi la bati ili tope lisiifikie. Ina karia mbele na nyuma. Ina stendi mbili, moja kila upande, kwa sababu mlimani si wewe unayechagua ardhi iiname wapi. Kwenye mkono wa klachi kuna kijifuli kidogo: ukikibana, klachi inabaki imeshikwa, nawe unaweza kushuka kufungua lango la shamba huku injini ikiendelea kuunguruma. Haina mbio wala madaha. Huku kwetu ilikuwa pikipiki ya maafisa kilimo, ya mapadri na ya miradi, na wazee wengi wakisikia sauti yake hukumbuka dawa ya kahawa au chanjo ya mtoto kabla ya kukumbuka jina la mwenye pikipiki.

Ya kwetu ilikuwa ya mradi wa kilimo ambao Babu aliutumikia kama tarishi: kupeleka barua, mbegu na dawa za kunyunyizia kahawa vilima vyote. Mradi ulipofungwa mwaka 1984 alikatwa mshahara wa miezi ya mwisho, akapewa pikipiki. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo shamba lake la pili. Alibebea wafanyabiashara kahawa, alibeba wagonjwa, alibeba mabomba ya kunyunyizia dawa. Chakula cha nyumbani kilitoka kwenye ile karia ya nyuma.

Bibi alipoona kweli nimevaa nguo za kazi, alifungua sanduku lake la bati akatoa daftari lenye jalada gumu, kurasa zikinuka petroli hata leo. "Soma wewe," aliniambia kwa Kinyarwanda, "wewe unayesomea lugha ya babu yako." Nilifungua nikakuta daftari lote, tangu 1984, limeandikwa kwa Kiswahili.

Hapo yafaa nieleze. Babu alizaliwa Nkungu mwaka 1949, lakini ujana wake ulipita Bukavu, ng'ambo ya mto Rusizi, akiwa mtoto wa gereji: kuosha vyuma, kushika taa, kuleta spana. Alirudi mwaka 1967. Agosti ya mwaka huo mamluki wa Jean Schramme waliuteka mji wa Bukavu, wakaushikilia hadi Novemba, jeshi la Kongo lilipowaelemea wakavuka na kuingia Rwanda. Babu alikuwa amevuka mapema kuliko wao, akiwa na miaka 18, bila mshahara wa mwezi wa mwisho, na lugha aliyoipata katikati ya vyuma. Kuhesabu aliweza kwa Kinyarwanda, kusali pia. Lakini injini alijifunza kwa Kiswahili, na mambo ya injini aliyaandika kwa Kiswahili hadi kufa kwake.

Ninyi wenzangu mnaosoma Kiswahili nchini mwetu mnajua maneno tunayoambiwa. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, lakini sheria haifuti haraka yale ambayo watu wamezoea kusema. Kwa wengi wa umri wa wazazi wetu, Kiswahili ni lugha ya askari, ya madereva, ya wachuuzi, ya watu wajanjawajanja. Nilipochaguliwa kuisomea, Baba aliniuliza kama kweli nataka kwenda chuo kikuu kujifunza lugha ya kituo cha mabasi. Sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia kuna ajira za ualimu.

Tena Kiswahili cha daftari lenyewe kisingepata alama nzuri darasani. Babu anaandika "mutu", "mupya", "muzuri". Anaandika "moto iko natembea", na mgeni kutoka Tanga angedhani kuna moto wa msituni unaotembea, kumbe ni pikipiki iliyo njiani. Ringi za pistoni anaziita segma, plagi ni buji, bisibisi ni turnevisi, bolti ni bulo, cheni ni shene. Ni Kifaransa cha gereji kilichovaa nguo za Kiswahili. Siku mbili za kwanza nilisoma nikiwa na kalamu mkononi, nikitafuta neno la kitabuni kwa kila neno lake. Siku ya tatu niliweka kalamu chini, kwa sababu niligundua kwamba daftari linanipa maagizo.

Injini ya mapigo mawili ni kitu chepesi kukieleza. Haina valvu za juu kama hizi za pikipiki za abiria tunazopanda leo. Pistoni ikipanda inavuta hewa na petroli kutoka kabureta hadi ndani ya kasha la chini, na hapohapo inabana ile iliyokwisha kufika juu. Ikishuka inaisukuma ya chini ipande juu na kuutoa moshi nje. Kila mzunguko mmoja kuna mlipuko. Kwa kuwa petroli inapita ndani ya kasha la chini, hakuwezi kukaa oili ya kawaida humo; oili lazima ije pamoja na petroli na kuungua nayo. Ndiyo maana zina moshi wa buluu, na ndiyo maana zikikosa oili kidogo tu, pistoni inavimba kwa joto na kukamata silinda.

Ya kwetu ilikuwa imekamata kwa kutu. Nilimimina dizeli kwenye tundu la plagi, nikaiacha siku nne. Kisha nilitaka kuondoa kichwa cha silinda. Kabla sijatia spana nilipekua daftari, nikakuta maneno haya ya mwaka 1987: "Bulo ya tatu upande ya shene, usikaze sana, uzi yake imekufa." Bolti ile niliifungua kwa vidole viwili, polepole, nikiipaka dizeli kila robo mzunguko, ikatoka nzima. Fundi niliyemwonyesha baadaye huko Kamembe alicheka, akasema: "Kijana, babu yako ameniokolea siku mbili za kazi. Ingekatikia humo, tungelia."

Nilifika kwa fundi huyo nikiwa abiria kwenye moto, injini ya moto nyingine ikiwa mapajani mwangu ndani ya gunia la kahawa. Ni mzee aliyeanza kazi wakati pikipiki za mapigo mawili ndizo zilizokuwa nyingi, na sasa vijana wake wanatengeneza TVS kuanzia asubuhi hadi jioni huku yeye akikaa kwenye benchi kutoa amri. Alipoona kilichomo guniani alinyanyuka. Nilimwamkia kwa Kiswahili cha chuoni, akanijibu kwa Kiswahili cha Bukavu, na baada ya robo saa kila mmoja alikuwa amesogea kidogo upande wa mwenzake.

"Mzee, hii itapona?"

"Chuma hakifi. Kinachokufa ni mpira na karatasi."

Alikuwa sahihi. Shafti ya injini ilikuwa nzima. Vilivyokufa ni gaskiti, mipira ya mabomba, na ile mipira miwili ya duara inayoziba pande mbili za shafti. Aliniambia nisiwe bahili kwenye hiyo miwili. Ikivuja, injini inavuta hewa pembeni, petroli inakuwa chache kuliko inavyotakiwa, joto linapanda, na pistoni mpya inakamata kabla hujafika sokoni. Kabureta tuliifungua na kuichemsha, vitundu vyake tukavizibua kwa waya mwembamba kuliko sindano. Platini za kuwashia tulizisugua kwa msasa laini. Eksozi ilikuwa imejaa masizi magumu kama lami. Tuliichoma juu ya mkaa, ikatoa moshi uliomfanya jirani wa gereji afunge duka.

Jambo moja lilitugawa. AG100 huwa na tanki dogo la oili na pampu inayochanganya yenyewe. Pampu ya kwetu ilikuwa mbovu. Fundi alitaka tuizibe, tuwe tunachanganya oili kwenye petroli kwa mkono. Mimi nilishikilia kwamba lazima irudi kama ilivyotoka kiwandani. Vinginevyo, nilisema, tunatengeneza pikipiki nyingine. Tulibishana hadi chai ikapoa. Jioni nilirudi kwenye daftari. Mwaka 1986, miaka miwili tu baada ya kuipata, Babu ameandika: "Pompi ya oili imekufa. Nimefunga. Lita moja, kifuniko moja." Pikipiki niliyotaka kuirudisha kwenye asili yake haikuwahi kuwa ya Babu. Ya Babu ilikuwa ile ya kifuniko. Tuliiziba pampu. Leo tunatia mililita 40 za oili kwa kila lita ya petroli, na hicho ndicho kifuniko, nimekipima.

Silinda ilikuwa na mikwaruzo, ikabidi ikerezwe. Nilivuka daraja la Rusizi kwa miguu kwenda Bukavu, silinda ikiwa begani ndani ya begi la shule, maana ndiko fundi wangu alikokuwa na mkereza vyuma anayemwamini. Ukikereza silinda unapanua tundu lake, kwa hiyo pistoni ya zamani haienei tena. Unatafuta iliyo nene zaidi. Huuzwa kwa vipimo: robo milimita, nusu, robo tatu, hadi milimita moja. Baada ya hapo silinda imefika mwisho wake. Mkereza vyuma alipoifuta ile pistoni ya zamani kwa kitambaa, alinionyesha kichwani namba iliyogongwa: 0.25. "Hii silinda ilishakerezwa mara moja," alisema. "Sasa tunaenda nusu."

Mara moja. Nilisimama pale kwenye kelele za mashine nikaelewa ni nini nilichokuwa nimeshika. Ile ilikuwa pistoni ya 1990.

Niliirudisha nyumbani. Sikuwa na mpango wa kumfanyia Baba darasa. Lakini daftari nilikuwa nimelisoma hadi mwisho, na nilijua yaliyoandikwa humo, na nilijua kwamba hakuna mtu mwingine nyumbani anayeweza kuyasoma. Baba anakijua Kiswahili cha sokoni, cha kununua samaki na kuuliza bei ya msumari. Mwandiko wa Babu na maneno yake ya gereji vilikuwa ukuta kwake. Kukaa kimya kungekuwa ni kumficha barua ambayo kwa namna fulani iliandikwa kumhusu yeye.

Usiku, baada ya chakula, niliweka pistoni mezani.

"Ni ile?" aliuliza.

"Ni ile, Baba."

Akaishika. Ni kitu kidogo sana, kinatosha kwenye kiganja. Nikamwomba ruhusa, nikasoma kwa Kiswahili kisha kwa Kinyarwanda.

"3/9/1990. Moto imekamata njiani ya Kamembe. Feza iko 5.000. Minerivali ya mutoto 4.500. Pistoni na segma na kazi ya silinda 4.800. Kama nalipa shule, moto inalala. Kama moto inalala, minerivali ya januari haiko, na chakula haiko. Nanunua pistoni. Mutoto atangoya."

Wasio wa huku wajue kwamba minerivali ni karo. Na wajue mwaka ule ulivyokuwa. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unagawia nchi viwango vya kuuza kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka duniani, na mkulima wa Rwanda, ambaye kahawa ndiyo iliyokuwa sarafu yake, akaumia. Aliyebebea watu kahawa kwa pikipiki aliumia pamoja na mwenye kahawa. Mwezi uliofuata ile siku ya pistoni, Oktoba 1990, vita vilianza. Babu alikuwa anapiga hesabu ndani ya nyumba ambayo paa lake lilikuwa linaondoka bila yeye kuliona.

Kisha nikasoma la pili.

"14/1/1991. Nimelipa minerivali ya robo mbili. Shule inasema mutoto amechelewa, mwaka imepotea. Sikuhesabu hii."

Baba hakusema kitu kwa muda. Akaniambia: "Soma tena pale pa mwisho." Nikasoma. Akaniuliza kama kweli ameandika hakuhesabu, au ni mimi ninayelainisha. Nikamwonyesha neno lenyewe, nikaweka kidole chini yake. Sikuhesabu.

"Basi," alisema, "miaka yote hii nilidhani hakufikiri hata kidogo."

Sitaki kudai kwamba daftari lilifuta jambo lolote. Hesabu za Babu zilikuwa sawa kwa faranga na zilikosea kwa mwaka wa mtoto, na mtoto huyo ana haki ya kuukumbuka mwaka wake. Pistoni kweli ilinunuliwa. Karo kweli haikulipwa. Kilichobadilika ni kwamba mahali ambapo Baba aliamini pana uzembe, alikuta mtu ameketi na kalamu, anatoa na kujumlisha, kisha miezi minne baadaye anaandika bila kujitetea kwamba kuna kitu hakukihesabu. Nadhani kwa Baba hilo lilikuwa zito kuliko msamaha, kwa sababu msamaha unaweza kuukataa.

Kesho yake hakwenda kazini. Alichota mchanga, akafungua mfuko wa saruji ya Bugarama aliokuwa ameuweka kwa kazi ya mtu, akamimina sakafu kwenye kona ya banda, ameipima kwa timazi na pima maji kama vile anajenga kanisa. "Huwezi kufunga injini kwenye samadi," alisema. Hakusema zaidi ya hapo.

Shangazi, anayeuza sambaza Kamembe, alisikia habari akapanda kuja Nkungu. Alitoa fedha ya pistoni na ya matairi, lakini kwa sharti. Tangu sheria ya 1999 mtoto wa kike na wa kiume wana haki sawa katika urithi, na yeye hakutaka kusikia habari ya pikipiki ya "wana wa kiume wa Mzee". Alikumbusha watu kwamba ni yeye, si kaka zake, aliyekuwa anakaa juu ya tanki kushika taa wakati Babu akifunga kabureta usiku. Baba mdogo naye, kuona mambo yamegeuka, alipeleka debe la misumari na mabati manne kwa mkopo, jiko likaezekwa. Hakuna aliyeshindwa katika kesi hiyo, na hilo si la kawaida kwetu.

Wiki ya tano tulifunga injini. Fundi alipanda mwenyewe kutoka Kamembe, akisema anataka kunywa pombe ya ndizi, ingawa sote tulijua alikuja kusikia. Nilipiga kiki mara kumi, mara ishirini, jasho likanitoka. Fundi akatoa plagi, akaikausha, akairudisha. Mara ya thelathini na kitu ikakohoa. Kisha ikashika, ikatoa wingu la moshi wa buluu lililowafukuza mbuzi wote, na ule mlio mkali wa mapigo mawili ukapanda kilima. Majirani wawili wazee walitokea kwenye migomba wakiwa bado na majembe mikononi.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, ameinamisha kichwa upande mmoja. Macho yake hayaoni vizuri tena. "Inakimbia mno," alisema. "Mzee alikuwa anaiacha ipumue." Fundi akamtazama, akachukua turnevisi, akalegeza parafujo ya kabureta robo mzunguko, kisha robo nyingine. Mlio ukashuka, ukawa wa kuhesabika. Bibi akatikisa kichwa kwamba hapo ndipo. Fundi aliniambia baadaye kwamba kipimo cha vitabuni kingekuwa palepale.

Chuoni kuna rafiki zangu wanaoniuliza nimefanya yote hayo kwa faida gani. Wana hoja. Injini ya mapigo mawili hutupa hewani sehemu ya petroli ambayo haijaungua, na nchi yetu inaelekea kwingine. Tangu Januari 2025 pikipiki mpya za petroli za kubeba abiria hazisajiliwi tena jijini Kigali. Ni za umeme tu. Naunga mkono. Mapafu ya watu wa Kigali si ya kuchezea. Pikipiki ya Babu haitabeba abiria kamwe. Haina bima, hati yake bado iko kwa jina la marehemu, na mpaka mambo hayo yakamilike haitoki uani. Lakini simwelewi mtu anayedhani kwamba kitu kinahifadhiwa ili kishindane na kipya. Mimi nilipata mambo mawili kutoka kwenye chuma hicho ambayo sikuyapata darasani: kwamba lugha ninayoisomea ilikuwa tayari nyumbani kwetu kabla sijazaliwa, na kwamba baba yangu alikuwa na swali ambalo jibu lake lilikuwa limefungwa ndani ya sanduku la bati kwa sababu tu liliandikwa katika lugha aliyokuwa anaidharau.

Wahadhiri wetu hutufundisha kwamba lahaja si makosa. Tunaijibu kwenye mtihani, tunapata alama, kisha tukitoka nje tunacheka wanaosema "mupya". Nimeacha kucheka. Mtu aliyeandika "uzi yake imekufa" alielewa chuma kile kuliko mimi ninayejua kwamba ingepaswa kuwa "uzi wake umekufa", na kwa maneno yake, si yangu, bolti ilitoka nzima.

Daftari lina mahali palipo wazi. Machi 1994 kuna kumbukumbu ya kubadili buji. Kisha kurasa tatu hazina kitu. Kalamu inarudi mwaka 1997, kwa rangi nyingine. Nilimuuliza Bibi kuhusu kurasa hizo, akalichukua daftari mikononi mwangu, akalifunga, akalishika mapajani mpaka chai ilipoiva. Sikuuliza tena. Sikuona vyema pia kuandika chochote kwenye nafasi hiyo, ingawa karatasi zimekwisha kuwa chache.

Kwa hiyo kumbukumbu mpya zinaanzia mbele, baada ya ukurasa wa mwisho wa Babu. Ninaziandika mimi ninapokuwa nyumbani, Baba akiwa pembeni ananitajia tarehe na bei. Mara ya kwanza nilipoandika kwamba tumeweka ringi mpya za pistoni, aliniuliza mbona Babu aliandika neno jingine. Nikamweleza kwamba segma ni la gereji na ringi ndilo linalotumika vitabuni, na kwamba shuleni wangetaka la pili. Akafikiri kidogo, huku anafuta mikono kwa kitambaa chenye petroli.

"Andika yote mawili," alisema. "Atakayekuja kuifungua hatujui atakuwa amesoma wapi."